Mswaki, vya kutafuna, nusu kaputi au sindano? Kuchagua njia ya kutunza meno ya mbwa huku Mtwara na Lindi

Uvimbe ulianza chini ya jicho la kulia. Ilikuwa Novemba, korosho zimeanikwa kila ua, nikadhani mbwa wangu Chui ameumwa na nyuki. Siku ya tatu uvimbe ukapasuka, ukatoa usaha shavuni. Mtaalamu wa mifugo aliyekuja nyumbani alimchoma antibiotiki siku tano mfululizo, kidonda kikafunga, nikashukuru. Haikupita miezi miwili uvimbe ukarudi palepale. Tukachoma tena. Mara ya tatu alikuja daktari mwingine. Yeye hakuanza na sindano. Aliinua mdomo wa juu, akanivuta karibu nione jino kubwa la nyuma, lile la kukatia nyama, limebanduka kipande ubavuni hadi kiini kikaonekana cheusi.

"Mama, muda wote huu umetibu usaha," aliniambia. "Jino hujaligusa."

Chui alikuwa akitafuna mifupa ya ng'ombe tangu mdogo, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpa, nikiamini inamsafisha meno. Tangu siku ile majirani hapa Chikongola, na wengine wa Mikindani, wamekuwa wakiniuliza wafanye nini na mbwa anayenuka mdomo au aliyeacha kula. Wengi huwa wamesikia njia tano na kila moja ina mtu anayeisifia. Nimeziweka hapa pamoja, zipimwe kwa mizani moja.

Kwanza fungua mdomo uone

Ipo hali moja ambayo hutakiwi kufungua mdomo kabisa. Mbwa anayedondosha mate mengi, taya limelegea, sauti imebadilika, hamezi maji, au tabia imegeuka ghafla akawa mkali au mpole kupita kawaida, usimwekee mkono mdomoni ukidhani kuna mfupa umekwama. Hizo ni dalili za kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu bado upo kusini kwetu. Mikoa ya Lindi na Mtwara ilikuwa ndani ya mradi wa Shirika la Afya Duniani wa kuutokomeza ulioanza 2010, na chanjo ya kila mwaka bado ni lazima. Mtenge mbwa, piga simu kwa afisa mifugo. Ukishang'atwa au mate yakigusa kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kama mbwa wako ni yuleyule wa kila siku, amechanjwa, na anakuzoea, inua mdomo wa juu kwa kidole gumba huku taya zimefungwa. Huhitaji kumfumbua. Mbwa mzima ana meno 42, na yanayoharibika mapema ni yale makubwa ya nyuma upande wa juu, upande unaogusana na shavu. Hapo ndipo pa kutazama, si kwenye chonge za mbele ambazo mara nyingi zinang'aa na kumdanganya mwenye mbwa.

Utakachokiona kitaangukia kwenye mojawapo ya hali tatu. Ya kwanza: meno meupe, fizi za waridi zimekaza, labda utando laini unaofutika kwa kitambaa. Huo ni ukoga, vijidudu vilivyojibandika pamoja na mate na mabaki ya chakula, na huanza kujijenga upya saa chache tu baada ya kufutwa. Ya pili: gamba la njano au kahawia limeshika juu ya jino na ufizi pembeni yake ni mwekundu. Hilo ni ugaga, yaani ukoga uliogeuka kuwa kama chokaa, na hugeuka hivyo ndani ya siku mbili tatu tu. Hakuna mswaki unaoutoa. Ya tatu: ufizi umerudi nyuma na mzizi unaonekana, jino linacheza, kuna usaha, kuna uvimbe chini ya jicho, mbwa anakula upande mmoja au anapiga chafya zenye damu. Hapo ugonjwa umeshakula mfupa unaoshika jino, na mfupa ule haurudi.

Ufizi mwekundu unarudi ukisafishwa vizuri. Mfupa uliokwisha haurudi. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua ni njia zipi ziko wazi kwako na zipi zimeshafungwa.

Neno la pembeni kwa wakulima wa korosho: mbwa aliyetafuna korosho mbichi na ganda lake anaweza kuungua midomo na ulimi kwa yale mafuta ya ganda. Anatoa mate, anakataa chakula, na meno hayana shida yoyote. Na fizi zilizopauka, zinazotoka damu ovyo kwa mbwa mwenye kupe wengi, mara nyingi ni homa ya kupe. Kusafisha meno hakutamsaidia. Anahitaji kupimwa damu.

Vigezo nilivyotumia

Nimezipima njia zote kwa mambo yaleyale: inafanya nini hasa na inafika wapi (juu ya ufizi tu, au hadi chini yake), gharama na upatikanaji wake huku kusini, kazi inayomdai mwenye mbwa, hatari zake, na inamfaa nani.

Kigezo kimoja cha pwani yetu sikutaka kukiruka. Familia nyingi za Kiislamu hapa hufuga mbwa kwa ajili ya ulinzi, na kwa wanaofuata Imamu Shafii mate ya mbwa ni najisi nzito, panapopatwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa nyumba hizo, njia inayotaka mkono uingie mdomoni mwa mbwa kila jioni ina mzigo ambao maelekezo ya kwenye maboksi hayautaji. Nimeuhesabu kama kazi ya kweli.

Mswaki wa kila siku

Inachofanya. Huondoa ukoga kabla haujawa ugaga, na nywele za mswaki zikielekezwa kwenye mpaka wa jino na ufizi huingia kidogo tu chini yake. Kwa kuzuia ugonjwa, hakuna kazi ya nyumbani inayoupita ukifanyika kila siku. Ukifanyika siku moja ukaachwa moja, bado kuna faida. Mara moja kwa wiki ni karibu na bure, kwa sababu ugaga umeshashika kabla hujarudi.

Gharama na upatikanaji. Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Mswaki laini wa mtoto unapatikana kila duka, kuanzia soko kuu la Mtwara hadi kiduka cha mwisho Nachingwea. Dawa ya meno ya mbwa ni adimu. Walio na ndugu Dar es Salaam huagiza ikaja kwa basi. Ukiikosa, tumia maji matupu. Kinachosafisha ni msuguano. Dawa inamvutia mbwa kwa ladha zaidi kuliko inavyofanya kazi peke yake.

Dawa yetu sisi binadamu usimpe. Mbwa hatemi, anameza. Floridi ikizidi humdhuru, na baadhi ya dawa zina sukari mbadala iitwayo zailitoli ambayo huangusha sukari ya damu ya mbwa kwa kasi na inaweza kumuua. Magadi nayo sishauri, kwa chumvi nyingi atakayomeza.

Kazi. Hapa ndipo watu wanaposhindwa. Mbwa hakubali mswaki siku ya kwanza. Anza na kidole kilichozungushiwa kitambaa chenye maji ya supu ya samaki isiyo na chumvi, sekunde chache, kisha mpe kitu anachokipenda. Baada ya siku kadhaa fika meno ya nyuma. Wiki ya tatu au ya nne ndipo mswaki wenyewe uingie, umelazwa mshazari kuelekea ufizi, upande wa nje tu. Nusu dakika kila upande inatosha. Upande wa ndani ulimi unausaidia, usigombane naye. Mtoto wa mbwa ni rahisi zaidi, ila anapobadilisha meno, kati ya miezi minne na saba, fizi zinauma, kwa hiyo punguza mkono wakati huo.

Glavu za duka la dawa hupunguza sana tatizo la mate, na jirani yangu mmoja amefunga mswaki kwenye kijiti kirefu ili mkono wake ubaki mbali. Anasema imemchukua muda mrefu kuliko wengine, lakini mbwa wake wa getini sasa anasimama mwenyewe akiona kile kijiti.

Hatari. Ndogo, kama meno hayana ugonjwa. Ukimpiga mswaki mbwa mwenye fizi zinazouma, unamfundisha kwamba mkono wako ni maumivu, na utang'atwa.

Inamfaa nani. Mbwa wa hali ya kwanza, na mbwa yeyote aliyetoka kusafishwa na daktari. Vijibwa vidogo vya manyoya, ambavyo meno yao yamebanana kwenye taya dogo, vinauhitaji zaidi ya mbwa wetu wa kienyeji wenye pua ndefu. Haimfai mbwa mkali wa ghala anayeshikwa na mtu mmoja tu, tena kwa mnyororo.

Vya kutafuna

Inachofanya. Jino likizama ndani ya kitu kinachonyumbulika, ukoga unafutika ubavuni. Kinasafisha meno ya nyuma yanayotafuna na kuyaacha ya mbele karibu kama yalivyo. Chini ya ufizi hakifiki. Na mbwa anayemeza bila kutafuna hapati chochote isipokuwa shibe.

Gharama na upatikanaji. Vile vilivyotengenezwa kwa ajili ya meno na kupimwa, ambavyo baadhi hubeba alama ya VOHC, baraza la Marekani la afya ya vinywa vya wanyama, huagizwa kutoka Dar, na bei yake huwa ya kila siku, si ya mara moja. Kwa mbwa mkubwa hesabu inapanda haraka. Ndiyo maana wengi wetu tunageukia vya nyumbani, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipomvunja Chui jino.

Mfupa wa ng'ombe, pembe, kwato na kifuu cha nazi ni vigumu kiasi cha kuvunja jino. Bonyeza kwa ukucha wa kidole gumba: ukucha usipoacha alama, usimpe. Jino lile kubwa la juu linapovunjwa na mfupa hubanduka ubao wa pembeni, kiini kinabaki wazi, vijidudu vinashuka kwenye mizizi yake mitatu, na usaha unatafuta njia ya kutokea chini ya jicho. Mifupa iliyopikwa ina ubaya mwingine. Ya kuku hupasuka kuwa miiba inayochoma koo na utumbo, na mifupa ya samaki hukwama kati ya meno au kukingama kwenye kaakaa. Wapo wanaotetea mifupa mibichi, na ni kweli kwamba haipasuki kama iliyopikwa na hukwangua ugaga fulani. Bado inavunja meno, na kwenye joto letu nyama mbichi iliyokaa saa chache inabeba vijidudu vinavyompata mbwa na watoto wanaocheza naye.

Ngozi kavu ya ng'ombe haivunji jino kirahisi, lakini kipande kikilainika kikamezwa kizima huweza kuziba tumbo. Karoti mbichi ni salama na wengi wanaipenda. Usiitegemee isafishe sana. Ugali wa muhogo na wali laini unaobaki kwenye sufuria, chakula cha mbwa wengi wa hapa, hausafishi kitu, na unaganda kwenye meno.

Kazi. Ndogo sana, na hiyo ndiyo nguvu ya njia hii. Unampa, unakaa umwangalie, unachukua kipande cha mwisho kabla hajakimeza. Ukivaa glavu, mkono haugusi mate.

Hatari. Kukabwa, kuziba utumbo, kuvunja jino, kunenepa. Tatu za kwanza hupungua ukichagua kinachonyumbulika na kikubwa kiasi cha kutoingia mdomoni kizima.

Inamfaa nani. Mbwa mwenye meno mazima ambaye hakubali mswaki, nyumba ambazo mate ni shida, mbwa mlinzi wa usiku ambaye mwenye mbwa humfikia kwa chakula tu. Haimfai mbwa mwenye jino linalocheza, wala wawili wanaogombania chakula, kwa sababu hao humeza harakaharaka.

Dawa za kupaka na za kuchanganya kwenye maji nazipitia kwa ufupi. Jeli ya klorheksidini ya wanyama hupunguza vijidudu na ni nzuri kwa wiki chache baada ya matibabu. Haitoi ugaga, na ikitumika muda mrefu hubadilisha rangi ya meno.

Kukwanguliwa bila kulazwa

Inachofanya. Mtu anamshika mbwa akiwa macho, mwingine anabandua ugaga kwa kifaa chenye ncha au kwa koleo. Ugaga unaoonekana unatoka, na jioni hiyo mdomo unapendeza. Ule ulio chini ya ufizi, unaokula mfupa, unabaki, kwa sababu hakuna mbwa atakayetulia ncha ya chuma ikiingizwa mle. Madaktari bingwa wa meno ya wanyama wa Marekani, kupitia chuo chao cha taaluma hiyo, wanaipinga njia hii kwa sababu hiyohiyo: inabadilisha sura ya jino bila kutibu ugonjwa, na mwenye mbwa anarudi nyumbani akiamini kazi imekwisha.

Gharama na upatikanaji. Rahisi kwa bei, na wanaoifanya wanafika hadi nyumbani. Hiyo ni faida ya kweli kwa mtu wa Liwale au Nanyumbu.

Kazi. Nusu saa ya kumshika.

Hatari. Kifaa huacha mikwaruzo juu ya jino, na jino lenye mikwaruzo hushika ukoga upesi zaidi, kwa kuwa hakuna anayelisugua likalainika baadaye. Fizi huchanwa. Mbwa anaogopa mikono kwa miezi. Na anayeshika anaweza kung'atwa, jambo ambalo kwenye eneo lenye kichaa cha mbwa si dogo.

Inamfaa nani. Nimejaribu kuipa haki yake. Mzee wa mbwa, mpole, ambaye daktari amempima na kukataa kumlaza kwa sababu ya moyo au figo, na ana pande la ugaga linalomchoma shavu: kuliondoa pande lile kutampa nafuu. Zaidi ya hapo sioni, na hata mwenye mbwa huyo inabidi aelewe kwamba ugonjwa bado umo.

Kusafishwa na kung'olewa chini ya nusu kaputi

Inachofanya. Ndiyo njia pekee kati ya hizi inayofika chini kabisa ya ufizi. Mbwa akiwa amelala, daktari hupima kina cha uwazi kati ya ufizi na kila jino, hubandua ugaga juu na chini, husugua meno yawe laini, na hung'oa yasiyookoka. Penye mashine ya picha za mionzi huona mizizi pia, maana nusu kubwa ya jino iko ndani ya mfupa na jino linaloonekana zima linaweza kuwa limeoza chini.

Gharama na upatikanaji. Ni kubwa kuliko njia zote kwa siku moja, na huku haipatikani kila mahali. Wapo madaktari Mtwara na Lindi wanaolaza mbwa kwa ajili ya kuhasi na kung'oa meno. Vifaa kamili vya meno ni jambo jingine. Wengine huelekezwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 550 kutoka Mtwara, au hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro. Kabla ya kupanga safari, piga simu uulize haya: Daktari amesajiliwa na Baraza la Veterinari? Mtaweka mpira kooni? Mnapima damu kabla? Nani anamwangalia pumzi na mapigo wakati daktari anafanya kazi? Mnatoa dawa ya maumivu baadaye? Bei mliyonitajia ina kung'oa ndani yake, au kila jino linahesabiwa?

Swali la mpira wa kooni halipo kwa ajili ya urembo. Mara nyingi mbwa hulazwa kwa sindano ya ketamini na zailazini, na kwa kazi fupi inatosha. Lakini kusafisha meno kunatumia maji, na maji yenye ugaga na damu yakishuka kwenye mapafu ya mbwa asiyejitambua, huamka na homa ya mapafu. Mpira ule ndio unaoziba njia hiyo.

Wakulima wengi huku huona hela korosho zikishauzwa minadani. Usafishaji wa hali ya pili unaweza kusubiri miezi miwili ukapangiwa msimu. Usaha na jino lililovunjika haviwezi.

Kazi. Usiku mmoja bila chakula kabla (mtoto na kijibwa kidogo muda mfupi zaidi, kama daktari atakavyosema), siku nzima ya kusubiri, kisha wiki moja au mbili za chakula laini. Hapo ule ugali laini unarudi kuwa na heshima yake.

Hatari. Kulazwa kuna hatari kwa mnyama yeyote, na huongezeka kwa mzee, mgonjwa wa figo, mwenye homa ya kupe au mwenye upungufu wa damu. Kwa vijibwa vidogo vyenye mfupa uliokwisha, taya la chini linaweza kuvunjika wakati wa kung'oa chonge.

Hofu moja nataka kuiondoa, kwa sababu nilikuwa nayo. Niliogopa Chui akipoteza jino atashindwa kula na kulinda. Aling'olewa lile kubwa pamoja na jirani yake. Siku ya nne alikuwa anamaliza bakuli, na baada ya wiki mbili alibweka getini kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia karibu mwaka mzima. Mbwa hula vizuri bila jino kuliko anavyokula na jino linalouma.

Inamfaa nani. Hali ya tatu yote, na hali ya pili kwa mbwa mwenye afya. Haiwi ya kudumu peke yake: ukoga unaanza upya siku hiyohiyo, na asiye na mpango wa nyumbani atarudi mezani mapema.

Sindano ya antibiotiki na kusubiri

Inachofanya. Hupunguza usaha, homa na uvimbe. Chanzo kinabaki, iwe ni ugaga chini ya ufizi au jino lililokufa, kwa hiyo ugonjwa unarudi dawa ikiisha, na kila mara vijidudu vinazidi kuizoea.

Gharama na upatikanaji. Kila sindano ni nafuu na inapatikana hadi vijijini. Nilipojumlisha nilizolipia za Chui, zilikaribia gharama ya kung'oa.

Kazi. Karibu hakuna, isipokuwa kumaliza siku zote ulizoandikiwa.

Hatari. Kubwa ni muda unaopotea mbwa akiwa na maumivu asiyoweza kuyasema. Nyingine inatoka kwetu wenyewe: kumwongezea dawa za maumivu za binadamu. Ibuprofeni na diklofenaki hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Paracetamol nayo usimpe kwa kukadiria.

Inamfaa nani. Mbwa mwenye jipu na homa anayesubiri siku ya kung'olewa, au aliye Tandahimba mvua zimekata barabara. Ni daraja la kuvukia, na daktari aliyeichoma aseme tangu mwanzo unavuka kwenda wapi.

Kwa hali yako

Una mtoto wa mbwa na subira: anza kitambaa kidoleni wiki hii, mswaki aupate meno ya ukubwani yakishatoka. Mtazame akifika miezi saba. Chonge la utotoni likiwa bado limesimama sambamba na la ukubwani, linahitaji kung'olewa, la sivyo chakula kitajaa katikati.

Una mlinzi mzima, meno safi, na mswaki hauwezekani kwa ukali wake au kwa sababu ya mate: vya kutafuna vinavyonyumbulika, na mdomo uangaliwe kila anapochanjwa. Mwombe mchanjaji ainue mdomo. Ni sekunde kumi.

Una kijibwa cha manyoya cha miaka mitatu kinachonuka mdomo: mbwa wengi wa umri huo wameshaanza ugonjwa wa fizi, na wadogo huwa mbele ya wote. Apimwe na daktari kwanza, asafishwe akiwa amelala kama yuko salama, kisha mswaki. Kuanza na mswaki kwenye fizi zinazouma kutamfanya auogope mkono wako.

Una mbwa mzee, ugaga mwingi, lakini anakula na fizi hazina usaha: apimwe moyo na damu. Majibu yakiwa mazuri, umri peke yake si sababu ya kumnyima matibabu. Yakiwa mabaya, chakula laini, jeli ya klorheksidini, dawa ya maumivu ya mbwa kutoka kwa daktari, na labda lile pande moja linalochoma libanduliwe kwa upole.

Hela ni ya jino moja tu: lipia linalouma ling'olewe. Kusafisha mengine kungoje msimu.

Na kama uvimbe umeshatokea chini ya jicho, ukafunga kwa sindano, ukarudi: usikubali sindano ya tatu kabla mtu hajainua ule mdomo wa juu na kukuonyesha jino kubwa la nyuma.